Udongo wa Ugenini: Timu ya Kriketi ya Afrika Mashariki, 1975, na Njia ya Kwenda Stanmore

Michezo mingi huchezwa juu ya ardhi. Kriketi huchezwa na ardhi yenyewe. Mrushaji kwa kawaida haupeleki mpira moja kwa moja kwenye gongo la mpigaji, bali huudundisha kwanza chini, na hapo ndipo udongo unapotoa hukumu yake. Mpira utainuka hadi kifuani au utabaki magotini, utanyooka au utakata kando, kwa kutegemea ukanda wa mita 20 ulio baina ya wiketi mbili: umenyeshewa au umekauka, umeota majani au umepasuka nyufa. Mpigaji aliyekulia Bombay na mwenzake aliyekulia Leeds wanacheza mchezo mmoja kwa kanuni moja, lakini miguu yao imefundishwa na udongo tofauti.

Ndiyo maana, katika historia ya mchezo huu, maandalizi ya timu inayosafiri kwenda kucheza ugenini yamekuwa jambo zito kuliko mazoezi ya kawaida. Timu haijiandai kwa wapinzani tu. Inajiandaa kwa nchi. Makala haya yanalitazama jambo hilo kupitia timu moja ambayo haikupata kamwe hadhi ya kucheza mechi za Test, yaani zile za siku nyingi baina ya mataifa: timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza mwezi Juni 1975 kushiriki Kombe la Dunia la kwanza la wanaume. Vitabu vya takwimu vinaikumbuka kwa kushindwa mechi zake zote tatu. Takwimu hizo ni za kweli, lakini hazielezi timu ile ilitoka katika udongo gani, wala kwa nini leo watu waliourithi mchezo ule wanapatikana kwa urahisi zaidi Stanmore, kaskazini-magharibi mwa London, kuliko katika viwanja vya Kampala au Unguja.

Enzi za meli

Zamani za meli, safari yenyewe ilikuwa sehemu ya maandalizi. Timu ya Uingereza iliyokwenda Australia kwa msimu wa 1932–33 ilipanda meli Orontes katikati ya Septemba 1932, ikafika Fremantle karibu mwezi mmoja baadaye, na mechi ya kwanza ya Test haikuanza mpaka tarehe 2 Desemba. Katika wiki hizo zote wageni walicheza dhidi ya majimbo, wakaonja viwanja vigumu vya Australia na jua lake, wakakosea pasipo gharama kubwa. Waaustralia nao walipokwenda Uingereza mwaka 1948 walicheza mechi 34, na katika hizo ni 5 tu zilizokuwa za Test. Nyingine zote zilikuwa, kwa namna moja au nyingine, shule.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Timu za enzi hizo zilipewa siku zile mbili kwa ukarimu: zilikaa, zikala, zikaizoea hali ya hewa, ndipo zikashika jembe. Siku hizi ndege na ratiba zimeifuta siku ya kwanza na ya pili. Timu ya Uingereza iliyokwenda India mwezi Januari 2024 haikucheza mechi hata moja ya maandalizi nchini humo. Ilipiga kambi Abu Dhabi, ikajizoeza huko juu ya viwanja vilivyokusudiwa kufanana na vya India, kisha ikaingia Hyderabad siku chache kabla ya mechi. Iliishinda ile ya kwanza kwa mikimbio 28, ikashindwa nne zilizofuata. Mtu anaweza kulisoma tukio hilo kwa njia mbili. Ama kambi ya Abu Dhabi ilitosha, kwa kuwa ushindi wa kwanza ulipatikana; ama haikutosha, kwa kuwa maarifa yaliyopatikana nje ya nchi husaidia kwa siku tano, si kwa wiki saba.

Iko njia ya tatu ya kujiandaa, nayo haitegemei ukarimu wa ratiba: kuishi ugenini. Njia hiyo ndiyo iliyoamua mengi mwaka 1975.

Mkeka juu ya ardhi iliyoshindiliwa

Kriketi iliingia Afrika Mashariki pamoja na mabaharia, maofisa, walimu wa misheni na wafanyabiashara. Kufikia katikati ya karne ya 20 ilikuwa imejenga makao yake katika vilabu ambavyo majina yao yalitangaza jamii zilizovianzisha: Nairobi Gymkhana, Sir Ali Muslim Club, Jaffery Sports Club, Coast Gymkhana ya Mombasa, na vingine vya namna hiyo Dar es Salaam na Kampala. Wazungu walikuwa na vyao, Wahindi na Wagoa vyao. Waafrika wengi waliufahamu mchezo kutoka pembeni, kama wafanyakazi wa viwanja na majirani wa uzio, au kupitia shule chache, hasa za Uganda. Mgawanyo huo wa kikoloni usisahaulike tunapoisifu timu iliyokuja kuzaliwa humo.

Mwaka 1951 vyama vya Kenya, Uganda na Tanganyika viliungana chini ya Baraza la Kriketi la Afrika Mashariki, na mwaka 1966 Afrika Mashariki ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa baraza la kimataifa la mchezo huo. Zambia nayo ilijiunga baadaye. Kabla ya hapo wageni walikuwa wamekwisha kuja. Mwaka 1958 kikosi cha wachezaji wa Afrika Kusini walionyimwa nafasi ya kuiwakilisha nchi yao kwa sababu ya rangi kilizuru Afrika Mashariki kikiongozwa na Basil D'Oliveira. MCC ya London ilikuja msimu wa 1957–58 na tena mwaka 1963. Kwa hiyo wachezaji wa Nairobi na Kampala hawakuwa washamba wasiopata kuona mrushaji wa kiwango cha juu. Walimwona, ila walimwona nyumbani kwao, juu ya mkeka.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki havikuwa na ukanda wa majani. Ardhi ilishindiliwa ikawa ngumu, kisha ukatandikwa juu yake mkeka uliofumwa kwa kamba za makumbi ya nazi au kwa katani, ukavutwa na kukazwa kwa misumari. Kazi hiyo ilifanywa na watumishi wa uwanja ambao majina yao hayakuandikwa kwenye daftari la alama. Juu ya mkeka mpira hudunda kwa kimo kikubwa lakini kinachotabirika. Mpigaji akishaujua mdundo wake anaweza kupiga kwa uhuru, na mrushaji anayeuzungusha mpira kwa vidole huupata mkeka ukiung'ang'ania. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika hewa yake nyepesi mpira husafiri mbali, na haupindi sana angani.

Uingereza ni kinyume chake. Ukanda wa majani wenye unyevu huushika mshono wa mpira na kuugeuza ghafla. Hewa nzito ya asubuhi huupinda mpira kabla haujagusa chini. Mpigaji aliyezoea kutoka mbele kwa ujasiri juu ya mkeka anajikuta gongo lake limefika mapema na mpira umekwisha badili nia. Kosa hilo halirekebishwi kwa kuelezwa. Hurekebishwa kwa kurudiwa mamia ya mara, mpaka mguu wenyewe uache kukimbilia mbele.

Juni 1975

Kikosi kiliongozwa na Harilal Shah wa Kenya. Walikuwamo Frasat Ali, Zulfiqar Ali, Jawahir Shah, Ramesh Sethi na Mehmood Quaraishy. Praful Mehta na Shiraz Sumar wa Tanzania. Hamish McLeod wa Zambia. Na Don Pringle, Mwingereza aliyehamia Kenya. Kutoka Uganda walikuja Sam Walusimbi na John Nagenda, ambaye wasomaji wa fasihi wanamfahamu kwa sababu nyingine: alikuwa mmoja wa kizazi cha waandishi wa Makerere, na mwaka 1986 alichapisha riwaya ya The Seasons of Thomas Tebo. Hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Walikuwa watu wenye kazi zao, waliocheza mwishoni mwa wiki, wakakusanywa kutoka nchi nne zenye sarafu nne na serikali nne.

Hali ya hewa ilianza kwa vitisho. Tarehe 2 Juni theluji ilianguka Buxton, katika Derbyshire, ikasimamisha mechi ya majimbo. Siku tano baadaye Kombe la Dunia lilifunguliwa, na jua likawaka karibu mashindano yote. Kwa hiyo isisemwe kwamba watu wa ikweta walishindwa na baridi.

Tarehe 7 Juni, Edgbaston mjini Birmingham, New Zealand walipata mikimbio 309 kwa wiketi 5, na Glenn Turner peke yake akapata 171 bila kutolewa. Idadi hiyo ilibaki kuwa kubwa kuliko zote za Kombe la Dunia mpaka Kapil Dev alipoipita mwaka 1983. Afrika Mashariki walijibu kwa 128 kwa wiketi 8 katika ova zote 60. Frasat Ali alipata 45, na kabla ya hapo Nagenda, akiwa na umri wa miaka 37, alikuwa amechukua wiketi moja katika mechi yake pekee ya kimataifa ya siku moja. Tarehe 11 Juni, Headingley mjini Leeds, walitolewa wote kwa 120, Jawahir Shah akipata 37; India wakafikisha 123 bila kupoteza wiketi, Sunil Gavaskar na Farokh Engineer wakiwa bado wamesimama. Tarehe 14 Juni walirudi Edgbaston dhidi ya Uingereza. Wenyeji walipata 290 kwa wiketi 5, ingawa Zulfiqar Ali alichukua 3 kati ya hizo. Kisha John Snow, mrushaji wa kasi aliyekuwa ameivunja Australia kwao miaka minne nyuma, akachukua wiketi 4 kwa mikimbio 11 tu. Afrika Mashariki waliishia 94.

Alama hizo zinasomwa kwa kawaida kama kipimo cha vipaji. Zisomwe pia kama kipimo cha makazi. Turner alikuwa mchezaji wa Worcestershire tangu miaka ya 1960. Engineer alikuwa amekaa Lancashire tangu 1968. Bishan Bedi, aliyewarushia Waafrika Mashariki ova 12 akatoa mikimbio 6 tu, alikuwa akivaa jezi ya Northamptonshire kila kiangazi. Hawa waliitwa wageni, lakini kila mwaka walikuwa wakilala, wakiamka na kufanya kazi juu ya udongo uleule. Siku mbili za mgeni zilikuwa zimewaishia zamani. Jembe lilikuwa mkononi.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mtoto wake wa aina hiyo. Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akichezea Nottinghamshire tangu 1966 na aliendelea mpaka miaka ya 1980. Hakuwamo katika kikosi cha 1975. Mfano wake unaonyesha kwamba kijana aliyejifunza juu ya mkeka hakukosa kitu ambacho miaka michache ya kukaa Uingereza isingeweza kukijaza. Kilichokosekana kwa wenzake kilikuwa muda.

Wenyeji waliotawanyika

Kulikuwa na upungufu mwingine ambao hakuna kambi ya mazoezi ingeuponya. Wakati timu ikijiandaa kwenda Uingereza, msingi wake wenyewe ulikuwa ukihama. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalikuwa yameanza kuwaondoa Wahindi wengi visiwani. Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, na wenye pasipoti za Kiingereza wakakimbilia viwanja vya ndege. London ikajibu kwa sheria ya Machi 1968 iliyowabana raia wake yenyewe. Tanzania Bara ilitaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku 90. Takriban watu 28,000 kati yao walipokewa Uingereza, wengi wakapitia kwanza katika kambi za zamani za jeshi.

Kila hatua ya hizo ilikuwa na sababu zake katika historia ya ukoloni na ya utajiri usiogawanywa sawa, na si shabaha ya makala haya kuzihukumu upya. Kwa kriketi matokeo yalikuwa bayana. Klabu iliyochukua miaka hamsini kujengwa ilibaki na mikeka na makabati, bila watu. Kwa hiyo timu ya 1975 ilifanya safari ya ajabu: ilikwenda kuiwakilisha Afrika Mashariki katika nchi ambamo sehemu kubwa ya mashabiki na wachezaji wake watarajiwa walikuwa wamekwisha kufika, wakiwa na masanduku. Timu ilirudi nyumbani. Wao walibaki.

Hao ndio waliopata maandalizi marefu kuliko yote, nao hawakuyaomba. Mhamiaji hachezi mechi ya majaribio. Siku ya kwanza ndiyo Test: nyumba ya kupanga, foleni ya ajira, mtoto kupelekwa shule ambako jina lake halitamkiki, koti la kwanza zito. Makosa yake yote yanaandikwa kwenye ubao wa alama.

Stanmore

Stanmore ni kituo cha mwisho cha reli ya Jubilee, katika manispaa ya Harrow, mahali ambapo London inaanza kulegea ikawa miti na vilima. Pana klabu ya kriketi iliyoanzishwa mwaka 1853, yenye uwanja wake penye ardhi ya wazi ya Stanmore Common. Klabu hiyo ilimlea Angus Fraser, mrushaji aliyejua maana ya kucheza ugenini: mwaka 1994, siku chache baada ya timu ya Uingereza kutolewa kwa mikimbio 46 mjini Port of Spain, alichukua wiketi 8 kwa 75 mjini Bridgetown, katika kiwanja ambacho wenyeji hawakuwa wameshindwa Test tangu 1935.

Si mbali na uwanja huo, katika Wood Lane, yapo makao ya jumuiya ya Khoja Shia Ithnaasheri ya London, na hapohapo ofisi za shirikisho lao la dunia lililoundwa mwaka 1976. Ni jamii iliyotoka Kutch na Kathiawar karne ya 19, ikaweka nanga Zanzibar, Lamu, Mombasa na Dar es Salaam, ikaenea hadi Arusha na Kampala, kisha ikasafiri tena. Katika Wemborough Road limesimama hekalu la Swaminarayan la Wakutchi, ambao wengi wao walipitia Kenya, walikojenga nyumba na barabara. Katika sensa ya 2021 takriban asilimia 45 ya wakazi wa Harrow walijitambulisha kuwa wa asili ya Asia. Lakini fomu ya sensa haina kisanduku cha mtu ambaye asili yake ni Asia na utoto wake ni Mombasa.

Kisanduku hicho kiko katika lugha. Madukani na katika migahawa ya mitaa hiyo muhogo unaitwa mogo, na matoke ni matoke. Katika Kikutchi na Kigujarati cha nyumba hizo, sufuria, fagio na kisu yamekaa kwa raha kana kwamba yalizaliwa humo. Maneno hayo hayakubebwa kwa makusudi ya kuhifadhi chochote. Yalisafiri kwa kuwa yalikuwa ya kazi za kila siku, na lugha ya kazi za kila siku ndiyo ya mwisho kumtoka mtu. Mguu wa mpigaji nao una kumbukumbu ya namna hiyo: hata akijifunza majani ya Middlesex, siku akichoka utamwona anatoka mbele kama yuko juu ya mkeka.

Waliobaki na mkeka

Afrika Mashariki kama timu haikudumu. Kenya ilijitenga ikaanza kushiriki mashindano kwa jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 zilizosalia zikawa sehemu ya timu ya Afrika Mashariki na Kati. Lakini vijana waliokuwa wakitazama kutoka upande wa pili wa uzio walikuwa wamejifunza. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya ikiongozwa na Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166, kisha ikawatoa West Indies kwa 93. Kocha alikuwa Hanumant Singh, aliyepata kuichezea India, na udongo ulikuwa mkavu, wa mdundo wa pole, usio mbali na ule waliouzoea. Mwaka 2003, chini ya kocha Sandeep Patil, naye wa India, Kenya iliishinda Sri Lanka Nairobi na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hadhi ya Test haikuja, na bila hadhi hiyo haikuja ratiba, wala fedha, wala safari ndefu zinazowafundisha vijana udongo wa wengine.

Nagenda alifariki mwaka 2023. Waliocheza naye ni wazee sasa, na waliowatazama Birmingham na Leeds pia. Habari zao zimeandikwa kwa Kiingereza, aghalabu kwa mistari mitatu ya alama, na Kiswahili kimeziacha zipite, labda kwa kudhani kwamba mchezo ule ulikuwa wa wengine. Haukuwa wa wengine pekee. Ulichezwa juu ya makumbi ya minazi yetu, ukatandikwa kwa mikono ya watu wetu, na sehemu ya waliokuwa wakiucheza walihesabu pesa, walibishana bei na kuwabembeleza watoto wao kwa lugha hii. Mtafiti anayetaka kuiandika historia ya timu ya 1975 asiishie katika maktaba ya Lord's. Apande reli ya Jubilee mpaka kituo cha mwisho, aulize kwa Kiswahili, na awape wazee muda wa kutosha wa kujibu.